Mauser yenye hadithi ya Tanganyika, inauzwa dola 2,500. Ni yenyewe au naingizwa mjini?

#1 Mwanjelwa Minnesota
Wakuu salaam. Niko Marekani, Minnesota. Jirani yangu, mama mmoja mjane, anauza vitu vya marehemu mumewe: saa za ukutani, vitabu, na bunduki ya zamani aina ya Mauser, ya Mjerumani. Anasema mumewe aliinunua kwa mzee aliyekuwa bwana shamba Tanganyika enzi za Mwingereza, na kwamba ilikuwa ya askari wetu wa Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Mjerumani Afrika Mashariki, Vita vya Kwanza. Aliposikia natoka Tanzania machozi yakamlengalenga, akasema mimi ndiye ninayestahili kuwa nayo.

Kwenye kitako imegongwa herufi K.S. Nimesoma kwamba ni Kaiserliche Schutztruppe, lile jeshi la Mjerumani la makoloni. Sina mpango wa kuwinda wala kuifyatua, nataka kuitundika sebuleni watoto waione. Bei hiyo ni ya haki? Na nitaijuaje kama ni yenyewe?

#2 Ngoja Waje
Nimekaa pale na kahawa yangu, ngoja waje. Ila mimi machozi ya muuzaji huwa nayatoa kwenye bei kwanza.

#3 Chuma Chakavu
Mleta mada, kabla ya yote: uko kwa karatasi gani? Kama una makazi ya kudumu sawa. Kama uko kwa viza ya muda, ya shule au ya kazi, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki bunduki, ukiacha vighairi vichache kama kuwa na leseni ya kuwinda. Kuna vijana wameharibu mambo yao kwa kitu cha kutundika ukutani.

Sasa bunduki. Nakusanya hizi za jeshi muda mrefu, niko Ohio. Tuletee picha hizi: ile pete ya juu pale mtutu unapoingia kwenye chuma kikuu, hapo kuna kiwanda na mwaka. Namba ya kushoto kwenye hiyo pete, namba ya mtutu, namba ya bolti (ile komeo ya kufungia chemba). Kwenye Mauser za Mjerumani hata parafujo za kifyatulio na kifuniko cha chini hugongwa tarakimu mbili za mwisho za namba, kwa hiyo piga kila kipande. Halafu saiti ya nyuma, ile ya kulengea shabaha, kwa ubavuni. Halafu mtutu kwa chini, karibu na mdomo. Na hiyo K.S. ipige kwa karibu, mwanga uje kwa pembeni, nataka kuona kingo za herufi.

Bei tusiitaje mpaka tuone.

#4 Ngamiani Kati
Hii hadithi naiona ina majani mengi ya chai. Askari wa Mjerumani mwaka 1914 wengi hawakuwa na hiyo Mauser watu wanayoifikiria. Kampuni nyingi zilikuwa bado na modeli ya 1871, ya risasi moja moja, milimita 11, baruti nyeusi. Ukifyatua unatoa wingu la moshi, adui anajua ulipo. Lettow mwenyewe amelilalamikia hilo. Walipompiga Mwingereza hapa kwetu Tanga, Novemba 1914, waliokota bunduki mpya za kutosha kampuni tatu, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi kama 600,000. Ndipo mambo yakawa mambo.

Kwa hiyo mwulize huyo mama: Mauser ipi?

#5 Ngoja Waje
Na wale nyuki waliowavamia Waingereza hapo Tanga, nao walikuwa na modeli gani?

#6 Kalenga
Kijana hapo juu nyuki hawakuwa na leseni.

Nyongeza kwa #4. Hizo za 1871 zilishaingia Uhehe mapema. Lugalo, Agosti 1891, Mkwawa alimmaliza Zelewski, kamanda wa Mjerumani, na wenzake na inasemwa alichukua bunduki 300 na mizinga. Nyingine Mjerumani alizirudisha mkononi mwake, nyingine zilifukiwa. Kwetu nilikulia nikisikia wazee wakitajiana nani alificha nini kwenye shimo la mtama. Mtu akiniambia ana bunduki ya Mjerumani kutoka Tanganyika, mimi akilini mwangu inakuja hiyo ya 1871, chuma kizito, kitako kama mpini wa jembe.

#7 Mwanjelwa Minnesota
Shukrani wakuu. Nina makazi ya kudumu. Jana jioni mama kaniruhusu nipige picha, nimeziweka hapo chini. Kwa wasioona picha: kwenye pete imeandikwa DANZIG, chini yake 1917, juu kuna taji. Namba ya pete na ya mtutu zinafanana. Bolti ina namba nyingine kabisa. Kifuniko cha chini hakina namba, kama kimesuguliwa. Saiti ya nyuma ni bapa, inaanzia 100. Kwa chini ya mtutu, karibu na mdomo, kuna sehemu kama urefu wa kidole imepigwa tupa ikapakwa rangi nyeusi.

#8 Ngamiani Kati
Imeandikwa 1917?! Basi tumemaliza, tukalale.

Mjerumani wa hapa alizingirwa baharini toka mwanzo wa vita. Meli mbili tu ndizo zilizopenya na silaha. Ya kwanza ni Rubens, Aprili 1915. Iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, manowari ya Mwingereza, Hyacinth, ikaipiga ikazama kwenye maji mafupi. Wakaja kuopoa mzigo, risasi zimelowa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe na kusafishwa moja moja. Babu zetu wamefanya kibarua hicho. Ya pili ni Marie, Machi 1916, Sudi, kule kati ya Lindi na Mikindani. Baada ya hapo hakuna meli. Bunduki iliyotoka kiwandani Danzig mwaka 1917 ilifikaje kwa askari wa Lettow? Kwa ungo?

#9 Mtoto wa Sudi
Naunga mkono, Marie ilikuja kwetu. Mzigo ulibebwa kichwani na wapagazi mpaka bara.

#10 Mjomba Zeppelin
Mkuu #8 umesema kwa ungo. Kwa ungo hapana, ila kwa puto je? Mwaka 1917 Mjerumani alituma chombo cha angani aina ya Zeppelin, L59, kutoka Bulgaria kuja kumsaidia Lettow, kimejaa silaha na dawa. Mwaka unalingana na pete kabisa. Sisemi ndiyo, nasema tusifunge mlango.

#11 Ngamiani Kati
Tufunge tu. L59 iliondoka Jamboli Novemba 21, ikafika Sudan, magharibi ya Khartoum, ikaitwa kwa redio irudi. Ilirudi Bulgaria na mzigo wake wote, saa 95 angani bila kutua, kilomita 6,757. Haikudondosha hata sindano kwetu. Siku ile ile iliyotua, Novemba 25, Lettow alikuwa Ngomano ng'ambo ya Ruvuma akimnyang'anya Mreno bunduki na risasi. Askari waliokuwa bado na zile za 1871 wakazitupa hapo hapo, wakashika za Mreno.

#12 Mjomba Zeppelin
Sawa mwalimu. Jina langu litabaki hivi hivi lakini.

#13 Chuma Chakavu
Nimeziangalia picha. Hiyo ni Gewehr 98, yaani Mauser ya jeshi la Mjerumani modeli ya 1898, hilo halina ubishi, na pete na mtutu kulingana ni jambo jema. Baada ya hapo ndipo shughuli.

Saiti. Gewehr 98 ya wakati wa vita ilitoka na saiti kubwa yenye mgongo wa kupanda na kushuka, ya kwanza kabisa ni mita 400. Yako ni bapa, ya 100. Maana yake ilipita kwa fundi baada ya vita: ama Ujerumani kwenyewe miaka ya 1920, ama Uturuki. Kama ni ya Ujerumani mara nyingi utakuta imegongwa 1920 kama alama ya mali ya serikali. Umeiona? Kama ni ya Mturuki tafuta mwezi mwandamo kwenye vipande vidogo.

Bolti. Namba tofauti, hapo tu bei imeshuka kwa nguvu. Gewehr 98 ya namba zote sawa inavuka dola 1,000 bila kubembeleza mtu. Ya kuchanganywa ni dola mia kadhaa. Ni sawa na kununua Corolla ya chesisi moja na injini ya nyingine, inatembea lakini usilipe bei ya iliyotoka bandarini.

K.S. Hapa ndipo nilipokunja uso. Mbao ya kitako ina mikwaruzo ya miaka mia na kona zimelainika kwa kushikwa, lakini herufi zimesimama wima kama zimegongwa juzi, na mstari wa S unakata juu ya kovu la zamani. Kovu lilitangulia, muhuri ukafuata. Muhuri wa kweli ungekuwa chini ya kovu.

#14 Bi Mkubwa Tabora
Chuma Chakavu sikupingi kwenye ufundi, lakini kitako kinabadilishwa. Je kama mbao ni ya zamani, ya Schutztruppe kweli, na chuma cha 1917 kimekuja kupachikwa baadaye? Jeshi lolote likikarabati huchukua mbao yoyote iliyopo rafuni.

#15 Chuma Chakavu
Inawezekana, Bi Mkubwa. Ila ingeeleza mbao, isingeeleza kovu.

#16 Mkamba wa Dallas
Habari zenu. Mimi ni Mkenya niko Texas na nimeona hii movie. Niliponunua Mosin-Nagant yangu ya Mrusi zilikuwa chini ya dola 100, zinauzwa kwa kreti, zimejaa grisi ile nzito. Yangu namba zote zilikuwa sawa, pete, bolti, kitako, nikajiona nimeokota. Jamaa kwa klabu akanionyesha: namba ya bolti maandishi yake ni tofauti na ya pete, na chini yake kuna namba ya kale imepigwa mstari. Wasovieti baada ya vita walikusanya bunduki zote, wakazifungua, wakaziunga upya na kugonga namba zilingane. Kwa pete kuna kisanduku chenye mstari wa mshazari, hiyo ndiyo alama ya karakana. Na mbao wakapaka shelaki nyekundu inayong'aa.

Kwa hivyo kulingana kwa namba si kitu kimoja na kulingana tangu kiwandani. Hata hizo K98k, Mauser za Mjerumani za Vita vya Pili, ambazo Mrusi aliteka ziko hivyo, zina X juu ya pete na namba zimeandikwa na kalamu ya umeme. Watu bado wananunua lakini wanajua wananunua nini.

#17 Sajini Mstaafu
Sisi JKT tulikabidhiwa bunduki za Mark 4 na SAR, ukipoteza hata parafujo unalala ndani. Ninyi huko mnanunua kwa kreti kama soda.

#18 Mkamba wa Dallas
Sajini shikamoo. Siku hizi kreti zimeisha, bei imepanda.

#19 Mwanjelwa Minnesota
Nimerudi kuangalia. Alama ya 1920 hakuna. Mwezi mwandamo nimeuona, mdogo sana, kwenye kile kipete cha mbele kinachoshika mbao. Kipande kimoja tu. Nilipomwuliza mama kuhusu ile sehemu ya tupa akasema mumewe hakuwa na mazoea ya kupiga vitu tupa.

#20 Ngoja Waje
Mwezi mwandamo! Basi ni ya Zanzibar.

#21 Chuma Chakavu
Sasa tunaelewana zaidi. Mjerumani alimpa Mturuki Gewehr 98 nyingi, Waturuki waliendelea kuzitumia na kuzikarabati kwa miaka mingi, kisha zikaingia Marekani kwa wingi kama mabaki ya jeshi. Zilikuwa miongoni mwa zilizo rahisi sokoni.

Na hiyo tupa inanitia shaka kubwa. Bunduki yoyote ya jeshi iliyoingizwa hapa kwa biashara miaka hii ya karibuni lazima mwagizaji aigonge jina lake, na wengi hugonga chini ya mtutu karibu na mdomo. Sheria ya 1968 ilifunga uingizaji wa mabaki ya jeshi, ikalegezwa miaka ya 1980 kwa zile za kale. Zilizoingia kabla ya 1968 kwa kawaida hazina alama hiyo, na ndiyo maana wakusanyaji wanazilipia zaidi. Ukisugua alama, hadithi ya "aliileta mwenyewe kutoka Afrika" inapata pa kusimama.

Angalia tu namba kuu isiwe imeguswa. Ikiwa imeguswa, usiichukue hata kwa bure.

#22 Mrua wa Lubumbashi
Njia ingine hamjaitaja: Wabelgiji. Jeshi la Kongo liliingia Tabora Septemba 1916, likachukua silaha za Wadachi, yaani Wajerumani. Zile zingeweza kufika Antwerpen, na toka hapo Amerika.

#23 Ngamiani Kati
Ndugu Mrua, za Tabora 1916 sawa. Lakini pete inasema 1917, imezaliwa baada ya Tabora kuanguka.

#24 Mrua wa Lubumbashi
Ndiyo maana nimesema njia, sikusema hii.

#25 Habeshi wa Kariakoo
Mbona hamuitaji Ethiopia? Miaka ya karibuni shehena kubwa imetoka kwenye maghala ya Ethiopia kwenda Marekani: Carcano za Mwitaliano, Enfield za Mwingereza, Mauser za FN ya Ubelgiji, na Gewehr 98 zimo. Mitutu mingi imekwisha, mbao zimepasuka, zimeunganishwa kwa ngozi na waya. Mtu akinunua moja ya hizo, akisema imetoka Afrika hajasema uongo. Afrika ni kubwa. Mama wa watu anasikia Afrika, anaweka Tanganyika.

#26 Mwanjelwa Minnesota
Lakini marehemu aliinunua miaka ya 1970, mama ana uhakika, walikuwa bado hawajahamia hapa.

#27 Habeshi wa Kariakoo
Basi futa Ethiopia. Au futa uhakika wa mama.

#28 Mwalimu wa Lushoto
Naomba niitetee hadithi kidogo, maana hapa mmeigeuza ya mwizi. Huyo bwana shamba mnamsahau. Baada ya vita Waingereza waliopigana Ufaransa na Palestina walimwagika huku. Kenya kulikuwa na mpango wa 1919 wa kuwagawia wanajeshi wastaafu ardhi, na Tanganyika walikuja kama mabwana shamba, mabwana misitu, maafisa wa wilaya. Walikuja na vitu vyao. Mtu aliyeteka Gewehr 98 kwa Mturuki kule Palestina 1918 akaja nayo Usambara kuwindia nguruwe, miaka hamsini na kitu baadaye anamwuzia Mmarekani, anasema nini? "Nimetoka nayo Tanganyika." Kweli tupu. Anayesikia anaongeza askari, anayefuata anaongeza Lettow. Mwezi mwandamo umeeleweka, mwaka 1917 umeeleweka, na muhuri wa K.S. ukagongwa na dalali yeyote katikati.

#29 Chuma Chakavu
Mwalimu, hiyo ndiyo maelezo mazuri kuliko yote humu, na ndiyo yasiyo na hata karatasi moja. Saiti ya 100 nayo? Ya 1918 Palestina ingekuwa na ile ya 400.

#30 Mwalimu wa Lushoto
Saiti ni parafujo na risasi ya kulehemu. Mwindaji gani anataka saiti inayoanzia mita 400? Nguruwe yuko hatua thelathini.

#31 Chuma Chakavu
Hilo nalo neno. Lakini mwindaji angekata mbao na mtutu pia. Hivyo ndivyo walivyoziharibu Enfield nyingi baada ya vita, wamekata mbao ya mbele ziwe nyepesi, na leo zinauzwa kwa bei ya kutupa. Hii haijakatwa.

#32 Kalenga
Kuna jambo moja mmelipita. Hata kama ingekuwa ya 1914, bado "bunduki ya Mjerumani ya askari wa Lettow" mwisho wa vita ni kitu adimu mno. Walipoweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 25, 1918, orodha aliyoiandika Lettow mwenyewe ina bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno, na bombomu 37 ambazo 7 tu ndizo za Kijerumani. Kwa hiyo anayetaka bunduki ya askari wa dakika ya mwisho atafute Enfield au ile Mauser ya Mreno ya 1904, milimita 6.5. Na hiyo ya Mreno huko Marekani wengi hawaijui, nasikia haina wagombea wengi.

#33 Chuma Chakavu
Kalenga, wagombea wapo, shida ni kwamba nyingi zilibadilishwa kaliba baadaye. Yenye mtutu wake wa 6.5 ni ngumu kupata.

Kwa Enfield nako angalieni. Kuna zilizotengenezwa mtaani mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, zimegongwa taji na herufi za Mwingereza, halafu ukisoma vizuri N imegeuzwa na mwaka haulingani na modeli. Na zile zenye DP ni za mazoezi ya gwaride tu, usizifyatue.

#34 Sajini Mstaafu
Babu yangu alikuwa Keya, askari wa KAR ya Mwingereza, alipigana Burma na Enfield. Aliporudi alirudisha bunduki, akapewa koti. Koti tunalo.

#35 Bi Mkubwa Tabora
Sajini, koti lina thamani kuliko hiyo Danzig. Litunze mbali na nondo.

#36 Mwanjelwa Minnesota
Wakuu mmenichanganya lakini mmenisaidia. Nimemwambia mama ukweli wa mwaka 1917, amekaa kimya, kisha kaniambia basi nimpe dola 900. Bolti ya namba yake je, inatafutika?

#37 Chuma Chakavu
Yenye namba ile ile sahau. Na usinunue bolti ukaigonga namba, utakuwa kama aliyegonga K.S. 900 bado juu kwa hali yake. Kabla ya kulipa mpe fundi wa bunduki mwenye leseni aikague mtutu na chemba, na umalizie makaratasi kwake. Ingekuwa ya 1871 hiyo sheria ya shirikisho inaiona kama kitu cha kale, maana mpaka wake ni 1898, lakini hii ya 1917 ni silaha kamili. Sheria za jimbo lako usome mwenyewe.

#38 Mwalimu wa Lushoto
Mimi ningetoa 900. Kumi na saba, Danzig, mwezi mwandamo, Usambara.

#39 Habeshi wa Kariakoo
Usambara umeiongeza wewe Mwalimu!

#40 Msimamizi
Uzi unaendelea vizuri, ila kuuziana silaha humu ni marufuku, wawili waliotangaza posti zao zimefutwa. Walioko Tanzania mkumbuke bunduki ya urithi bila kibali ni kosa, iwe ya babu au ya nani. Nendeni kituoni.

#41 Mtoto wa Sudi
Samahani kutoka nje ya mada. Kuna mtu hapa Mtwara ananiuzia ile sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916, yenye tembo na milima. Anasema babu yake aliichimbua. Bei si mbaya.

#42 Bi Mkubwa Tabora
Rupia 15. Zilipigwa kwetu Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kama 16,000 tu. Bandia zimejaa kila mahali. Nenda kwa sonara mwenye mizani, ya kweli ina gramu 7 na kidogo. Halafu mwangalie tembo mkonga.

#43 Mtoto wa Sudi
Mkonga uweje?

#44 Ngoja Waje
Fungua uzi wako, nakuja na kahawa.